Begi la gofu linapita, ubao wa mawimbi unalipishwa. Kwa nini?

Najua wengine mkishaona kichwa cha habari mtasema, "Huyu naye leo kakosa la kuandika. Ubao wa mawimbi unanihusu nini mimi niliyeko Mbagala au Kisauni?" Subirini kidogo, tutafika.

Nenda Paje au Jambiani kule Unguja wakati wa upepo wa kusi au wa kaskazi. Nenda Diani, nenda Watamu. Utaona anga imejaa matiara makubwa ya rangi rangi, na chini ya kila tiara kuna mtu amesimama juu ya kibao anavutwa juu ya maji. Wenyewe wanaita kaiti. Kuna pia ule mchezo wa zamani zaidi wa ubao wenye tanga, na ule wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao mtupu. Wengine tunaona ni mchezo wa wazungu tu, lakini angalia vizuri nani anakula pale: vijana wanaofundisha, wanaojaza upepo, wanaoshona kaiti zilizochanika, wenye boti za kuokoa, wenye vyumba vya wageni, mama ntilie, bodaboda.

Sasa jiulize, vile vifaa vinatoka wapi? Hatutengenezi sisi. Kwa kawaida vinakuja kwa njia mbili: ndani ya kontena la meli, au ndani ya tumbo la ndege kama mzigo wa abiria. Kwa hiyo ada anayotozwa abiria kwenye kaunta ya uwanja wa ndege Frankfurt au Amsterdam ina mkono wake ndani ya mfuko wa kijana wa Paje, hata kama kijana huyo hajawahi kupanda ndege maishani.

Na hoja yangu ya leo ni hii: ada hiyo haifuati uzito, na wala haifuati ugumu wa kubeba peke yake. Inafuata pia ni mteja gani ana sauti. Sisi wa pwani hii hatuna sauti kabisa, ila matokeo tunayaona.

Tuanze na haki ya mashirika

Tuwe wakweli, mashirika ya ndege nayo yana sababu. Begi la kawaida la kupakia tumboni kwa safari nyingi ni kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Kipimo hiki wengi wetu tunakijua kwa uchungu, hasa tuliowahi kumsindikiza ndugu anayehamisha vitu sakafuni mwa uwanja wa ndege.

Ubao wa kuteleza mawimbini ule mfupi una urefu wa futi 6 hivi, yaani kama sentimita 183, na wenyewe unaweza kuwa na kilo 3 tu. Ule mrefu unafika futi 9, sawa na sentimita 275. Ubao wa tanga mara nyingi ni kati ya mita 2.2 na 2.5, na hapo bado tanga lenyewe, mti wa kushikia tanga, na mlingoti ambao hata ukigawanywa vipande viwili, kila kipande kinaweza kufika mita 2. Yaani uzito siyo tatizo. Tatizo ni umbo.

Kwenye ndege kubwa za safari ndefu, mabegi mengi hupangwa kwanza ndani ya makontena ya alumini, halafu kontena zima linasukumwa tumboni. Kontena la aina inayotumika sana lina kitako cha sentimita 156 kwa 153 hivi. Ubao wa mita 2.5 hauingii mle. Unapelekwa nyuma kabisa, kwenye chumba cha mizigo ya kupakia kwa mkono, na chumba hicho ni kidogo. Kwenye ndege za saizi ya kati kama Boeing 737 mizigo inapakiwa kwa mkono kupitia mlango usiozidi sana mita moja kwa mita moja na kidogo, na kijana anayepakia yupo kwa magoti ndani. Kwenye zile Cessna Caravan zinazoruka visiwani na mbugani ndiyo usiseme kabisa: kawaida ni kilo 15 na begi laini. Ukifika pale na ubao wa mita 2.5 rubani atakuangalia tu, hata maneno hana.

Kwa hiyo mtu akisema ubao ni kero, nakubali. Ila sasa hebu tumlete ndugu yetu mwingine hapa.

Gofu je?

Begi la gofu nalo lina urefu unaozidi mita moja na robo mara nyingi. Ukijumlisha urefu, upana na kimo chake, linaipita ile sentimita 158 bila shida, na uzito wake ni kilo 12 mpaka 15, mara nne au tano ya ubao mfupi wa mawimbi. Lakini kwa miaka mingi mashirika mengi yameliacha lipite kama begi la kawaida.

Mfano mzuri ni American Airlines. Mpaka 2019, abiria mwenye ubao wa mawimbi alikuwa anatozwa dola 150 kwa kwenda tu, na akirudi anatozwa tena. Mwenye begi la gofu au la vifaa vya kuteleza kwenye theluji alihesabiwa begi la kawaida. Sasa niambie, hapo fizikia iko wapi?

Jibu haliko kwenye fizikia, liko kwenye viti vya mbele. Anayecheza gofu ni mkurugenzi, ni mwanasheria, ni mtu anayeruka mara 40 kwa mwaka na kampuni inalipa. Shirika haliwezi kumkera huyo. Anayebeba ubao wa mawimbi, kwenye picha iliyomo vichwani mwa watu, ni kijana mwenye kandambili na nywele ndefu aliyenunua tiketi ya bei ya chini kabisa. Huyo akikasirika atarudi tu, manake hana pa kwenda.

Watu wa kaiti walishalishtukia hili zamani. Faida yao ni kwamba kaiti inakunjwa, na kibao chake cha kawaida ni sentimita 135 mpaka 140 hivi, kwa hiyo vyote vinaingia begi moja refu lenye magurudumu. Watengenezaji wakaanza kuuza mabegi ya kaiti yenye umbo la begi la gofu, na wakayaita hivyo hivyo kabisa, begi la gofu. Hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Kwenye kaunta mazungumzo ni mafupi:

"Kaka, humu mna nini?"

"Vifaa vya michezo, dada yangu."

"Gofu?"

Kimya kidogo, na tabasamu.

Sisemi ni vizuri kudanganya. Akifunguliwa begi mbele ya foleni, aibu ni yake na ada atalipa. Ila jiulize wenyewe: utaratibu gani huu, ambao begi lile lile, kilo zile zile, linabadilika bei kwa kubadilishwa jina tu?

Ndege haikuongezeka ukubwa

Ukifuatilia historia utaona vizuri zaidi. Mwaka 2007 British Airways walitangaza kwamba hawatapokea tena mbao za mawimbi kabisa, si kwa ada wala bila ada. Watu wa mchezo huo Uingereza wakapiga kelele. Baadaye shirika likalegeza na kurudi kupokea mbao, lakini kwa kuweka kikomo cha urefu wa sentimita 190. Hapo mwenye ubao mfupi akapona, mwenye ubao mrefu na mwenye ubao wa tanga wakabaki nje.

Mwaka 2008 mafuta ya petroli yakapanda mpaka karibu dola 147 kwa pipa mwezi Julai. American Airlines wakaanza kutoza dola 15 hata kwa begi la kwanza la kawaida, na mengine makubwa ya Marekani mengi yakafuata. Mafuta yalishuka baada ya miezi michache tu. Ada haikushuka. Kufika 2019 mashirika ya Marekani yalikuwa yanakusanya zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka kutokana na mabegi peke yake. Kilichoanza kama dharura kikawa biashara yenyewe.

Halafu angalia kilichotokea 2018. Jimbo la California lilipitisha sheria kuufanya mchezo wa kuteleza mawimbini kuwa mchezo rasmi wa jimbo. United, shirika lililokuwa linatoza dola 150 mpaka 200 kwa ubao, likatangaza haraka haraka kwamba kwa safari za kwenda na kutoka California ada hiyo ya pekee imefutwa. Mwezi Mei 2019 American nao wakafuta ada ya ukubwa kwa mbao na vifaa vingine vingi vya michezo na muziki, ubao ukawa unahesabiwa kama begi la kawaida.

Sasa, kati ya 2018 na 2019 ndege ziliongezeka ukubwa? Milango ya mizigo ilipanuliwa? Hapana. Ndege ni zile zile na vijana wanaopakia ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba California ina watu wengi wenye fedha wanaocheza mchezo huo, na mashirika yanawagombania. Mteja alipata sauti, ada ikayeyuka.

Turudi nyumbani

Sasa Paje na Diani hali ikoje? Hapa mambo hayako upande mmoja, na tusidanganyane.

Kwanza, ada kubwa inamfanya mgeni aache vifaa vyake nyumbani na akodi huku. Kwa haraka haraka hiyo ni neema: vituo vya kukodisha vinapata wateja, na walimu wanapata kazi. Wapo watakaoniambia, "Basi bwana, acha ada ipande, si inatusaidia?" Hoja hiyo ina uzito na siidharau.

Lakini uliza kituo ni cha nani. Kaiti moja mpya inaweza kuzidi dola 1,000, na kituo kinahitaji za saizi mbalimbali kwa ajili ya upepo mdogo na upepo mkubwa, pamoja na vibao, mikanda ya kiunoni na pampu. Anayeweza kuagiza seti kadhaa kwa mkupuo mmoja ni mwenye mtaji, na mara nyingi siyo kijana aliyezaliwa pale kijijini. Huyo kijana ni fundi wa mchezo, anaujua upepo na maji ya kwao kuliko mtu yeyote, lakini chombo anachofundishia siyo chake. Msimu ukiisha, au akigombana na bosi, anarudi mikono mitupu.

Njia iliyo ya wazi kwake ya kupata chombo chake mwenyewe ni vifaa vilivyotumika, vile ambavyo mgeni anakuja navyo na kuviuza siku ya mwisho kabla ya kuondoka. Na hapa ada inafanya kitu cha ajabu. Ada ya kurudi inamsukuma mgeni auze, manake anaona bora apate chochote kuliko kulipia tena. Ila ada ya kuja inamfanya asibebe kabisa, na asipobeba hakuna cha kuuza. Anayebeba naye anaijumlisha ile ada ndani ya bei. Mwisho wa siku vifaa vilivyotumika vinakuwa vichache na ghali, na umbali kati ya mwalimu mwenye kaiti yake na mwalimu asiye nayo unaongezeka.

Jambo la pili ni ubao wa tanga. Mchezo huu uko kwenye Olimpiki tangu 1984. Kaiti imeingia 2024, kwenye michezo ya Paris iliyofanyikia baharini Marseille. Tukisema tunataka siku moja kijana wa Kilifi au wa Nungwi aende kushindana huko, tujue ubao wa tanga uliotumika Olimpiki ya 2024 una urefu wa sentimita 220 na upana wa sentimita 95. Upana huo tu ni karibu wa mlango wa nyumba. Mwanariadha wa mbio anabeba viatu kwenye mkoba. Huyu wetu, kila shindano la nje ataanza kwa kubishana na kaunta, na nchi ndogo kimichezo hazina meneja wa kubishana kwa niaba yake.

Ukilipa ada, nani analipa ukivunjika?

Hili nataka wote mlisome, hata kama hamtabeba ubao maishani, kwa sababu linahusu begi lolote, TV, hata gitaa.

Baadhi ya kaunta zikishapokea fedha zinakupa karatasi usaini, kwamba mzigo huu ni dhaifu na shirika halihusiki ukivunjika. Yaani umelipa zaidi ili uhakikishiwe kidogo. Watu wanasaini kwa sababu foleni ni ndefu.

Safari za kimataifa zina sheria yake, Mkataba wa Montreal wa 1999. Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Mkataba unasema shirika linawajibika kwa mzigo uliopakiwa tumboni ukiharibika au kupotea ukiwa mikononi mwake, isipokuwa pale uharibifu unapotokana na kasoro au udhaifu wa mzigo wenyewe. Na unasema waziwazi kwamba kipengele chochote cha mkataba wa usafiri kinacholiondolea shirika wajibu huo, au kushusha kiwango cha fidia chini ya kile cha mkataba, ni batili. Kwa hiyo ile karatasi siyo mwisho wa maneno. Shirika linaweza kudai ulifunga vibaya, na hapo mtabishana kwa ushahidi, lakini haliwezi kusema tu "ulisaini" halafu yakaisha.

Mambo ya kushika kichwani ni haya. Mzigo ukiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na uzuri ni kuandikisha ripoti pale pale uwanjani kabla hujatoka. Ukichelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Usipofika kabisa baada ya siku 21, unaweza kudai kama mzigo uliopotea. Kufungua kesi una miaka 2.

Kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, ile fedha ya mahesabu ya IMF, ambayo inakaribia dola 2,000 kutegemea kiwango cha siku. Vifaa vyako vikizidi thamani hiyo, unaruhusiwa kutangaza thamani kwenye kaunta kabla ya kupakia na kulipia nyongeza endapo shirika litataka. Wengi hawajui hata kama kitu hicho kipo.

Na angalizo kwa wanaounganisha ndege. Ukiwa na tiketi moja mpaka Zanzibar, hata kipande cha mwisho cha ndani kinahesabika kwenye safari ya kimataifa, na unaweza kulidai shirika la mwisho pamoja na lile lililokuwa na mzigo ulipovunjika. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa dola 60, kila mmoja atakuonyesha mlango wa mwenzake. Zaidi ya hapo, ile ndege ndogo inaweza kuukataa ubao wako kabisa. Mwenye ubao mrefu ni heri ashukie Dar avuke kwa boti, au ashukie Mombasa aende Diani kwa gari, kuliko kuhangaika na Cessna ya kilo 15.

Tunataka nini basi?

Simwombi mtu abebewe bure. Ubao unachukua nafasi, alipe nafasi. Nachotaka ni mambo matatu tu.

Kwanza, ada iandikwe mahali pamoja, kwa urefu na kwa kilo, bila kujali jina la mchezo. Kama sentimita 190 na kilo 15 inapita ikiwa gofu, ipite ikiwa ubao. Mtu ajue bei yake kabla hajanunua tiketi, siyo kukisia mpaka amkute mhudumu mwenye roho nzuri.

Pili, wanaotangaza utalii wetu waache kuishia kwenye picha za kaiti juu ya maji ya bluu kwenye mabango. Wanakaa meza moja na mashirika ya ndege wakijadili safari mpya za Zanzibar na Mombasa. Hapo hapo waulize: mbao mnazitoza shilingi ngapi? California ilipata jibu kwa sababu mashirika yaliona kuna biashara ya kupoteza. Sisi hata swali hatujauliza.

Tatu, vijana wa ufukweni wenyewe. Kijana mmoja hawezi kununua kaiti iliyotumika ya dola 500, lakini kumi wenye kikundi kilichosajiliwa wanaweza, na wanaweza kuandika barua kwa shirika kuomba kibali cha vifaa vya mafunzo. Barua ya kikundi chenye muhuri inasomwa tofauti na ya mtu mmoja.

Wenye ndugu wanaofanya kazi Paje, Diani au Watamu, waulizeni: kaiti wanayofundishia ni ya nani, na ilifikaje pale? Majibu yawekeni hapo chini. Na wale mnaofanya kazi kwenye kaunta za mizigo, karibuni pia, njooni mtupe upande wenu, hata bila jina. Nawasilisha.